Kipande cha Bondeni

Mtu akitoka Sumbawanga mjini kwa miguu, akaipita Milanzi na kushika njia ya kupanda, atakwenda mwendo mrefu bila kuona kitu kirefu kuliko kichuguu. Ufipa ndivyo ilivyo: nyasi, upepo, na mbingu iliyoinamia karibu. Halafu, akishakata tamaa ya kivuli, anaona mbele mistari miwili ya mikaratusi imenyooka kando ya barabara, huku na huku, kama watu waliojipanga kumpokea askofu. Hapo ameshafika Kalundi. Na hata akiwa na usingizi atajua amefika, maana mashimo ya barabarani yanaishia mpakani kana kwamba yamekatazwa kuingia.

Watu wa Kalundi wakisifiwa kwa hilo huwa hawakatai. Watakuambia kila nyumba ina kipande chake. Kipande kinaanzia kwenye mti wa nyumba hiyo na kuishia kwenye mti wa jirani, na mwenye kipande ndiye anayezibua mtaro, anayeziba mashimo, anayefyeka kando na kupogoa matawi yasichane maturubai ya magari. Mche ukifa, anapanda mwingine na kuuzungushia miiba. Mti wa barabarani haukatwi na mtu, hata na yule aliyeupanda. Matawi yanayopogolewa yanapelekwa nyuma ya kigango, kanisa dogo la kijiji, na kurundikwa pale, na kuni zile hazina kazi nyingine ila msiba. Nyumba yoyote ikifiwa, kuni zinafika kabla ya waombolezaji. Hakuna mfiwa wa Kalundi aliyewahi kwenda porini kutafuta kuni.

Na kipande kina heshima yake. Kwenye mkutano wa barabara, mwenye kipande akisimama kusema, watu wanamsikiliza. Asiye na kipande anakaa nyuma na kusikiliza wengine.

Dominika alikuwa na kipande kibaya kuliko vyote. Mahali penyewe panaitwa Bondeni, pale barabara inaposhuka kabla ya kupanda kuingia kijijini, na maji ya chemchemi yanatambaa chini kwa chini mwaka mzima, kiangazi na masika. Zamani hakuna aliyepataka. Mume wake, Victor, ndiye aliyejitolea, akapanda pale mikaratusi minne, miwili kila upande, na kwa maisha yake yote alishinda akipigana na tope lile kama mtu anayegombana na ndugu yake. Alipofariki, Dominika akashika jembe lake akaendelea. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyekuwa na maneno mengi, na kwa ntumba hakuwa na mpinzani. Ntumba ndiyo kilimo cha Wafipa: unakata nyasi pamoja na udongo wake, unazilaza chini, unazifunika kwa udongo, unajenga tuta la duara kama mkate. Nyasi zinaoza humo ndani taratibu, na mbegu ikija inakuta chakula kimeandaliwa. Matuta ya Dominika yalikuwa yamelingana mpaka wageni walidhani amepima kwa sahani.

Miaka hiyo mambo yalikuwa yamebadilika. Zamani magari ya ushirika yalikuja kuchukua mahindi yakitaka yasitake, njia iwe nzuri au mbaya, maana yalikuwa na amri. Sasa serikali ilikuwa imeachia biashara, enzi za ruksa, na wanunuzi binafsi walikuja na malori yao kutoka Mbeya na kwingineko. Mnunuzi binafsi hana amri ya mtu. Njia ikimshinda, anageuza gari na kwenda kijiji kingine. Kwa hiyo Bondeni, mahali ambapo zamani palikuwa kero tu, pakawa ndio mlango wa Kalundi. Anayepashika anaushika mlango.

Ndipo likaja suala la kumpumzisha.

Ni desturi ya pale. Nyumba ikikosa nguvu, kijiji kinaipumzisha: kipande kinapewa mtu mwingine, na mwenyewe anaambiwa pole na asante. Inafanywa kwa huruma. Lakini Dominika alikuwa ameona waliopumzishwa wanavyokuwa baadaye. Wanakaa nyuma kwenye mikutano. Hawaulizwi kitu. Na binti yake Adela, aliyeolewa Kizwite, alikuwa tayari anamtumia salamu kila wiki kwamba mama aje mjini akae, huko kijijini amebaki na nini. Dominika alijua kipande kikiondoka hatakuwa na jibu la kumpa Adela.

Mkutano ulifanyika nje ya kigango baada ya sala ya Jumapili. Mwenyekiti Marselino, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, akaanza.

"Mama Adela, mwaka wa msiba umekwisha. Kijiji hakijakusahau. Tumeona tukupumzishe."

"Kuna mtu nilimwambia nimechoka?" Dominika akauliza.

"Hapana, lakini..."

"Basi mnanipumzisha nini?"

Wanawake wakaguna kwa kicheko. Gabriel, mdogo wake marehemu, akasimama. Alikuwa mtu wa nguvu, mchangamfu, mwenye mipango mingi kuliko siku za wiki.

"Shemeji, mimi sikunyang'anyi. Kipande kinabaki ndani ya ukoo. Wewe utakuwa unapita tu, unakitazama."

"Nitakuwa nakitazama, na kibanda chako cha soda nacho nitakuwa nakitazama."

Hapo kicheko kikawa cha wote, maana hakuna asiyejua kwamba Gabriel alitaka kujenga kibanda Bondeni ili madereva wasimame pale. Gabriel mwenyewe akacheka, akakuna kichwa.

"Sasa soda ni dhambi?"

"Si dhambi. Jenga kwako."

Marselino aliogopa ugomvi kama watu wengine wanavyoogopa nyoka. Akainua mikono miwili. "Sikilizeni. Lori la kwanza la msimu likipita Bondeni likiwa na mzigo, kipande ni cha Mama Adela mpaka mwenyewe atakapochoka. Likinasa, kinakwenda kwa Gabriel, na maneno yaishe."

Dominika akasema, "Na yaishe," akafunga kanga yake vizuri akaenda nyumbani.

Leonia, rafiki yake, ambaye kipande chake kilikuwa kimepakana na Bondeni kwa upande wa juu, akamfuata njiani. "Sasa dada, umejitia kitanzini mwenyewe."

"Afadhali mwenyewe. Angenitia Marselino ningekosa hata pa kupumulia."

Mvua zilipokatika akaanza kazi. Tope la Bondeni akalichimbua lote, likabaki shimo refu. Alijua la kufanya, au mikono yake ilijua kwa niaba yake. Akaenda kwenye shamba lake la zamani la maharage, akakata nyasi nene pamoja na udongo wake, akazibeba kwa karai, akazilaza shimoni kichwa chini, safu juu ya safu, kisha akafunika kwa udongo mzuri mweusi, akasawazisha kwa mgongo wa jembe. Alifanya kazi hiyo tangu maharage ya watu yanavunwa mpaka mahindi yakakauka shambani. Alipomaliza, Bondeni palikuwa pamenyooka kama kitanda kilichotandikiwa mgeni. Watu walikuja kupatazama. Wazee waliinama wakaufinya ule udongo kwa vidole, wakatingisha vichwa kwa heshima. Mwenyekiti Marselino akavua viatu akapita juu yake peku.

"Hata magodoro ya misheni hayafiki hapa," akasema.

Hakuna hata mmoja aliyeona kosa. Wangelionaje? Kila mtu pale, mwanamume kwa mwanamke, angefanya vile vile, ila asingefanya vizuri kama yeye.

Lori la kwanza likaja mwezi wa saba, siku ya baridi kali na upepo. Dereva aliitwa Steven, kijana wa Mbeya mwenye koti la mtumba na maneno mengi. Likashuka Bondeni likiwa tupu, likapita likitikisika kidogo kama mtu anayevuka uwanja wa majani. Dominika, aliyekuwa amesimama chini ya mti, akavuta pumzi. Likapanda mpaka ghalani. Wanaume wakapakia magunia mpaka yakapita ubavu wa gari. Likaanza kurudi taratibu, na nusu ya kijiji nyuma yake.

Magurudumu ya mbele yakapita. Ya nyuma yalipofika katikati, ardhi ikafanya kama inameza mate. Lori likakaa. Steven akakanyaga mafuta, magurudumu yakachimba, gari likalala upande mmoja, difu ikagusa chini.

Utingo akaruka na koleo. Alichokitoa chini ya gurudumu hakikuwa tope. Zilikuwa nyasi nyeusi, laini, zinazofuka mvuke katika ile baridi, na harufu yake ikawafikia watu wote kwa pamoja. Kando ya gurudumu, pale ambapo Dominika hakuwa amepatazama siku mbili tatu, palikuwa na machipukizi ya maharage yamesimama na majani yao mawili mawili.

Steven akashuka, akachuchumaa, akachuma chipukizi moja. "Mama, hii ni barabara au bustani? Ungeniambia mapema, ningekuja na mbolea."

Leonia, kwa sauti ndogo ambayo hakukusudia isikike, akasema, "Mbolea imeiva vizuri."

Na ilikuwa kweli, ndiyo maana walicheka mpaka wakashikana mabega. Walimcheka Dominika, na walijicheka wenyewe walioufinya udongo ule na kuusifu. Kalundi nzima ilikuwa imeutazama udongo kwa macho ya mkulima, na hakuna aliyekumbuka kwamba ulaini unaoufurahia muhindi unalaaniwa na gurudumu. Dominika hakucheka. Alisimama na mikono yake mirefu imening'inia, uso umekauka.

Magunia yakashushwa, lori likasukumwa likatoka tupu. Steven akafuta mikono. "Mzigo wangu nauacha ghalani kwenu. Narudi Jumatatu ya wiki ijayo. Nikinasa tena, ndugu zangu, mahindi yenu mtayala wenyewe. Vijiji viko vingi."

Lori lilipotokomea, Marselino akakohoa. "Mama Adela. Tulipatana."

"Tulipatana lori la kwanza, likiwa na mzigo," Dominika akasema. "Mzigo wenyewe uko kwako ghalani. Gari hilo hilo likirudi kuuchukua ndipo tutakapojua kama limepita au halikupita."

"Shemeji naye," Gabriel akasema, "hajui kushindwa." Lakini hakusema kwa ubaya.

Marselino akatazama ardhi, akatazama watu. "Basi mpaka Jumatatu hiyo. Lakini safari hii si suala la Mama Adela peke yake. Njia isipofaa tumekwisha wote. Nani ana shauri?"

Gabriel alikuwa nalo. Akaonyesha kwa kidole ile mikaratusi minne. "Tukate hii. Magogo tuyalaze kuvuka tope, lori lipite juu. Kazi ya siku mbili. Miti mingine tutapanda."

Lilikuwa shauri la maana, na hilo ndilo lililomtisha Dominika. Akaona Marselino ameinua macho kuitazama miti ile, kutoka shina mpaka kileleni, kama fundi anayepima mbao. Akaona wengine nao wanatazama. Akaenda akasimama baina ya miti miwili ya upande wa juu, akaweka kiganja kwenye gome la mmoja.

"Gabriel, kaka yako alipopanda hii miti hapa palikuwa na vyura usiku na mchana, hata sala hazisikiki. Leo vyura wako wapi?"

"Wamehama."

"Hawakuhama. Miti imewanywea maji yao. Ukiikata, maji yatarudi na vyura wake, na magogo yako yatalala humo ndani yaoze, kama nyasi zangu zilivyooza. Kosa hilo nimeshalifanya mimi. Wewe la nini ulirudie?"

Mzee mmoja nyuma akasema, "Na kuni za msiba je? Tukianza kukata leo kwa ajili ya lori, kesho tutakata kwa ajili ya kuchoma tofali." Marselino akashusha macho kutoka kwenye miti. Shauri likafa. Lakini halikupatikana jingine, na watu wakatawanyika mmoja mmoja, wakimwachia Dominika shimo lake.

Akabaki ameketi pembeni. Mbali kidogo na barabara, ng'ombe wa Mayunga walikuwa wanashuka kunywa kijitoni. Mayunga alikuwa Msukuma, amehamia na mke na ng'ombe wake kutoka huko kaskazini misimu michache iliyopita, akajenga ng'ambo ya kijito. Hakuwa na kipande. Hakuna aliyewahi kumfikiria. Kalundi ilimjua kwa faini tu, maana ng'ombe wake walikuwa hawaoni mtaro bila kuingia ndani, na hawaoni mche bila kujikuna. Dominika mwenyewe alishawafukuza kwa fimbo mara nyingi mpaka walikuwa wakimwona wanapinda njia.

Aliwatazama leo bila fimbo. Njia yao ilipita kwenye ulowevu ule ule wa Bondeni, hatua chache tu kutoka barabarani. Ng'ombe wazito, wakifuatana, na kwato hazikuzama. Akainuka akaenda pale, akakanyaga. Pagumu. Akapiga kwa jembe, jembe likalia kama limegonga sakafu. Msimu mzima alikuwa anailaani njia hiyo kwa ubaya wake, na jioni hiyo akavuka kijito.

Mayunga alikuwa anakamua. Alimwona akija, akasimama haraka na kutazama nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari za hapa?"

"Nzuri. Wameingia wapi leo?"

"Hawakuingia popote."

"Basi ndiyo maana umekuja bila fimbo. Fortunata, lete kiti, leo kuna amani." Mke wake akacheka ndani ya nyumba, akatoka na kigoda na maziwa.

Dominika akaketi, akanywa, akaeleza shida yake bila kuzunguka. Mayunga akasikiliza akiwa amekunja mikono.

"Kwetu ukuta wa lambo tunaushindilia kwa ng'ombe," akasema. "Unamwaga udongo mwembamba, maji kidogo, unaswaga ng'ombe wanapita, wanarudi. Unamwaga mwingine. Ukifanya pupa ukamwaga mnene, umefanya bure. Lakini udongo wenu huu mweusi hapana. Huu ni wa kula. Unataka changarawe, ule wekundu wa kilimani nyuma ya kanisa. Mkokoteni ninao."

"Kwa siku hizi zilizobaki inawezekana?"

"Ng'ombe wapo. Ila nikuulize, mama. Wakishafanya kazi ya barabara, wataendelea kutozwa faini ya barabara?"

"Wakiingia kwenye mtaro watatozwa."

Mayunga akacheka sana, akajipiga paja. Kisha akaacha kucheka. "Mimi ujira sitaki. Nataka kipande. Watoto wangu wanazaliwa hapa, na mimi kwenye mkutano nakaa nyuma kama mpita njia."

"Kipande sigawi mimi," Dominika akasema. "Lakini kukuombea nitakuombea, mbele ya wote. Ili mradi Jumatatu nami niwe bado ninacho. Nikikosa, hata neno langu litakaa nyuma pamoja na wewe."

"Basi tuna shida moja," Mayunga akasema, akarudi kukamua.

Asubuhi wakaanza. Zile nyasi zilizooza zilitolewa kwa karai, na Leonia alipoona zinarundikwa pembeni akauliza kama zina mwenyewe. Habari ikazagaa. Wanawake wa Kalundi hawawezi kuona mbolea ya namna ile ikilala njiani. Wakaja na makarai na vikapu, wakachukua kila mmoja kwa shamba lake, na bila kujua wakawa wamemsaidia Dominika kusafisha shimo lote. Baada ya hapo aibu haikuwaruhusu kuondoka. Wakapanda kilimani kuchimba changarawe.

Mkokoteni wa Mayunga ulishuka na kupanda. Changarawe ikamwagwa nyembamba, ikanyunyiziwa maji, kisha Mayunga akapiga mluzi, ng'ombe wakaingia wakisukumana, pembe kwa pembe, wakapita mpaka mwisho, wakageuzwa, wakarudi. Safu ikamalizika, ikaja nyingine. Ilikuwa kazi ya kumchosha Dominika kwa namna asiyoizoea. Mikono yake tangu utotoni ilikuwa imejifunza kupenda udongo unaokubali kidole. Sasa ilimbidi aufinye na kuukataa kila unapokubali. "Bado," alikuwa akisema. "Bado. Wapitishe tena." Mayunga akawa anamtania kwamba sasa anawaita ng'ombe wale wale aliokuwa anawafukuza.

Gabriel alipita kila siku kutazama. "Shemeji, hii ni barabara au zizi?"

"Zizi. Tunafuga lori."

"Na mavi haya?"

"Utayachukua bure, ukiweka kibanda chako ukisilibe nayo."

Jumamosi, siku ya barabara, kila nyumba ilimaliza kipande chake mapema ikashuka Bondeni. Jumapili baada ya sala Gabriel akaja peke yake, akiwa bado na shati la kanisani. Akasimama juu kwenye mteremko, akafumba jicho moja, akatazama muda mrefu. Kisha akashuka.

"Shemeji, katikati pameinama. Mvua ikija maji yatakaa hapo."

Dominika akaenda kusimama alipokuwa amesimama yeye, akatazama. Ilikuwa kweli. Ng'ombe walipenda kupita katikati, na mgongo wa barabara ulikuwa umegeuka tumbo. Akarudi, akamnyooshea koleo. Gabriel akakunja mikono ya shati lake la kanisani. Wakamwaga changarawe katikati, na Mayunga akaleta fahali wawili tu, wakubwa, akawapitisha kando kando na katikati mpaka giza likaingia, na mgongo ukainuka.

Jumatatu Steven akafika, akasimamisha gari juu ya mteremko, akashuka akiwa na utingo wake. Akapiga ardhi kwa kisigino. Akapiga tena mahali pengine.

"Safari hii mmepanda nini?"

"Ng'ombe," Dominika akasema.

Lori likapita tupu. Likapakiwa. Likarudi limejaa, likishuka polepole kwa gia, na safari hii hakuna aliyelifuata kwa nyuma. Wote walikuwa wameshatangulia na kujipanga kando chini ya mikaratusi, wanawake na wanaume, wanatazama magurudumu ya nyuma tu. Mayunga alisimama ng'ambo na familia yake. Magurudumu yakafika katikati. Changarawe ikasaga, ikalia kidogo. Yakapita. Yakaacha alama nyembamba za mipira, zilizochapwa vizuri, na lori likapanda upande wa pili kuelekea Milanzi likinguruma. Steven akatoa mkono dirishani.

Gabriel ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda kuzitazama zile alama. Akaweka kidole ndani ya mojawapo. Hakikuzama hata kufika ukucha. Akainuka.

"Mwenyekiti, sema basi. Unangoja nini?"

Marselino akavua kofia. "Kipande ni cha Mama Adela," akasema, "mpaka mwenyewe atakapochoka."

"Mtangoja sana," Leonia akasema.

Kwenye mkutano uliofuata Dominika akasimama kabla hajaitwa. Alisema maneno machache. Kuanzia Bondeni kwenda kijitoni barabara haina mwenyewe wala mti, na Mayunga anaomba. Mzee mmoja akapinga: ng'ombe wa mtu huyo ndio adui wa mitaro. Dominika akamjibu kwamba mtu asiye na mtaro ni vigumu kuuonea uchungu mtaro wa mwenzake. Mpeni wake, ndipo mtamwona anavyowafundisha ng'ombe adabu. Watu wakanong'ona, wakacheka, wakatazama nyuma alikokaa Mayunga, naye akatazama miguu yake. Gabriel akasema yeye anaunga mkono, na kama Mayunga anakubali, kibanda cha soda kinaweza kukaa kijitoni, mradi ng'ombe wasinywe soda. Ikapita.

Marselino akashuka na kamba kupima, akapiga kigingi kuonyesha mpaka. Mvua za kwanza zilipoanza, Mayunga akapanda miche yake na kuizungushia miiba minene kuliko ya mtu yeyote.

Jumamosi moja ya masika Leonia alikuwa mtaroni kwake, akasikia sauti zimepanda huko chini. Akaacha jembe akashuka mbio, akidhani ng'ombe wameharibu. Akamkuta Dominika amesimama upande huu wa kigingi, Mayunga upande ule, kila mmoja na jembe lake mkononi, na katikati yao sehemu ndogo ya mtaro iliyojaa majani ya mkaratusi.

"Kamba ilipita hapa, mama," Mayunga alikuwa anasema. "Haya ni ya kwangu kuzoa."

"Kigingi kimesukumwa na maji. Tangu enzi za marehemu napasafisha mimi hapa."

"Enzi za marehemu mimi sikuwepo. Sasa nipo."

"Toa jembe lako kwenye mtaro wangu, Mayunga."

"Wa kwangu."

Leonia akamtazama huyu, akamtazama yule. Hakuna aliyekuwa tayari kurudi nyuma. Akageuka akapanda mteremko kwenda kumwita Mwenyekiti na kamba yake.